Nani Analala Kitanda cha Pili?

Mwezi wa tatu mwaka huu mpwa wangu alinitumia video mbili kwenye WhatsApp. Ya kwanza ilionyesha chumba kipya kabisa: kitanda kipana, kapeti, dirisha kubwa la kioo, na nje ya mlango sebule yenye televisheni iliyojaa ukuta. Ya pili ilikuwa korido ndefu ya matofali, halafu chumba chenye vitanda viwili vya chuma, meza mbili na kabati ambalo mlango wake ulikuwa umekataa kufunga. Chini yake akaandika: "Shikamoo mjomba. Vyuo hivi viwili vya Marekani vyote vinanitaka kwa mbio. Wewe ungechagua kipi?"

Kijana ana miaka kumi na tisa, amekulia Babati, anakimbia mita 5,000 na mbio za nyika. Nilimjibu haraka, na kwa kujiamini kupita kiasi: "Marahaba. Chumba hakikimbii, mwanangu. Angalia kocha na kozi." Nikaongezea hadithi ninayoipenda, ya jinsi nilivyosoma mwaka wa kwanza chuoni Dar es Salaam kwa kubebwa. Kubebwa, kwa asiyejua, ni kulala kwenye kitanda cha mwenzio aliyepata chumba baada ya wewe kukosa. Kitanda kimoja chembamba cha dabo deka, watu wawili, mmoja kichwa huku na mwingine kichwa kule. Begi langu lilikaa chini ya kitanda miezi tisa. Na nikafaulu.

Jioni ile ile dada yangu, mama wa kijana, akanipigia. Alikuwa amesoma ujumbe wote kwenye simu ya mwanawe. Hakunisalimia.

"Wewe kwa sababu ulibebwa ukamaliza, ndiyo unadhani kubebwa ndiko kulikokumalizisha?"

Nikanyamaza, maana nilijua anakoelekea. Dada yangu naye alikwenda chuo, miaka kadhaa kabla yangu. Hakupata chumba ndani ya chuo, akapanga geto mbali, kwenye mtaa usio na taa. Maktaba ilifungwa usiku, daladala zilikuwa za shida, na kutoka kituoni hadi mlangoni kulikuwa na kichochoro cha dakika kumi. Mara ya kwanza aliporwa simu. Mara ya pili walimfuata bila kutaka simu, akakimbia. Baada ya hapo akaacha kusoma usiku. Akapata masapu, na mwaka wa pili akadisko. Nyumbani ilisemwa kwamba masomo yalimshinda. Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo.

Kwa hiyo nikafanya kile ninachofanya kila nikishindwa hoja na dada yangu: nikaenda kusoma. Kwa kuwa chumba kinachobishaniwa kiko Marekani, nilianzia huko, kwenye nchi ambayo vyuo vimekuwa vikijenga mabweni ya kifahari na kuyatumia kama chambo cha kusajili wanamichezo. Nilitaka kujua jambo dogo tu. Hivi chumba kizuri kinamvuta mwanafunzi kweli? Na kikimvuta, kinampa nini?

Ugomvi wa vyumba huko ni wa zamani kuliko televisheni za ukutani. Mwishoni mwa karne ya 19, kando ya Chuo Kikuu cha Harvard, watu binafsi walijenga mabweni ya kupangisha vijana wa matajiri. Mtaa ule ukaitwa Gold Coast, Pwani ya Dhahabu. Franklin D. Roosevelt, aliyekuja kuwa rais, aliishi katika jengo mojawapo, Westmorly Court, alipoanza chuo mwaka 1900. Jengo hilo lilikuwa na bwawa lake la kuogelea ndani. Wanafunzi wasio na uwezo walibaki kwenye mabweni ya zamani ya chuo au vyumba vya kupanga vya bei poa. Wote walikuwa na kitambulisho cha chuo kimoja, lakini mtu akikuuliza unalala wapi, alikuwa anakuuliza baba yako ni nani.

Rais wa Harvard, A. Lawrence Lowell, aliichukia hali hiyo. Aliamini vijana wajifunze kwa kuishi pamoja, tajiri na maskini meza moja. Akajenga mabweni ya mwaka wa kwanza, na baadaye, kwa fedha za tajiri Edward Harkness, zaidi ya dola milioni 10, akaanzisha mfumo wa nyumba za wanafunzi. Mbili za kwanza zilifunguliwa mwaka 1930. Ukiishia hapo utampigia makofi. Lakini Lowell huyo huyo, mwaka 1922, aliwakataza wanafunzi weusi kulala katika mabweni ya mwaka wa kwanza. Kilio kilikuwa kikubwa, na mwaka 1923 wasimamizi wa chuo wakaliondoa katazo, ila wakaweka sharti kwamba wazungu na weusi wasilazimishwe kuishi na kula pamoja.

Hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Mtu aliyeamini kwa dhati kuliko wote kwamba chumba kinamjenga mwanafunzi, ndiye aliyewafungia wengine mlango. Na aliwafungia kwa sababu ile ile: alijua chumba kina nguvu. Mwanafunzi mweusi angeweza kukaa darasa moja na mzungu saa nzima na dunia isibadilike. Kulala jirani ilikuwa habari nyingine.

Kusini mwa nchi jambo hilo hilo lilitokea bila adabu ya Harvard. Februari 1956, Autherine Lucy aliingia Chuo Kikuu cha Alabama kwa amri ya mahakama, mwanafunzi mweusi wa kwanza pale. Mahakama ililazimisha apewe darasa, chuo kikamnyima bweni na ukumbi wa chakula. Akawa anatokea Birmingham kuja Tuscaloosa. Siku ya tatu ya masomo genge la watu lilimzingira na kumrushia mayai na mawe, na usiku huo chuo kikamsimamisha masomo, eti kwa usalama wake. Baadaye kikamfukuza kabisa.

Niliposoma habari ya Lucy nilimfikiria dada yangu kwenye kile kichochoro. Si kwamba mambo ni sawa. Dada yangu hakuna aliyemchukia, alikosa tu chumba kwa sababu vyumba vilikuwa vichache. Lakini wote wawili walipokelewa mchana na kuachwa usiku wajitegemee. Chuo kikikupa darasa bila mahali pa kulala, kimekupokea nusu.

Alabama yenyewe ilijua hivyo. Juni 11, 1963, gavana George Wallace aliposimama mlangoni pa ukumbi wa Foster kuwazuia Vivian Malone na James Hood wasijiandikishe, ofisa wa serikali kuu, Nicholas Katzenbach, hakubishana naye muda mrefu. Aliondoka mlangoni, akahakikisha wanafunzi hao wawili wanapelekwa kwenye mabweni yao wakasubiri huko. Gavana bado amesimama na hotuba yake, Malone tayari ana chumba. Baadaye siku hiyo, baada ya rais Kennedy kuwaweka askari wa jimbo chini ya amri yake, Wallace alipisha njia. Malone alihitimu mwaka 1965.

Sasa sikiliza. Mwaka huo huo wa 1965, chuoni hapo hapo, lilifunguliwa bweni jipya la wachezaji wa futiboli ya Kimarekani. Kocha Paul "Bear" Bryant alikuwa ameshachukua ubingwa na alitaka vijana wake wakae pamoja, wale pamoja, walale kwa saa anayotaka yeye. Jengo likaitwa Bryant Hall, na kwa starehe zake watu wakalipachika jina la hoteli, "Bryant Hilton". Kila kocha aliyeshindana na Bryant akataka la kwake. Mtindo wa mabweni ya wachezaji peke yao ukasambaa na kukua: kama jirani yako ana hoteli, utamwonyesha nini kijana unayetaka kumsajili?

Lakini ona waliolala mle. Hadi mwaka 1970, alipoingia Wilbur Jackson, mchezaji mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa futiboli Alabama, timu iliyokuwa ikilala katika hoteli ile ilikuwa ya wazungu. Miaka kumi na nne kabla, binti wa watu alinyimwa hata kitanda cha chuma. Mwaka 2022 chuo kilizindua jengo lenye jina la Autherine Lucy, siku chache kabla hajafariki. Ni jengo la Kitivo cha Elimu, la madarasa na ofisi.

Mabweni ya wachezaji yaliwafaa makocha, lakini yaliwatenga vijana na chuo kizima. Waliamka, wakafanya mazoezi, wakala na kulala na watu wale wale, na wengine wakaanza kuamini kuwa kanuni za wengine haziwahusu. Mwanzoni mwa 1989, katika bweni la wachezaji la Chuo Kikuu cha Oklahoma, mchezaji alimpiga mwenzake risasi, na ndani ya muda mfupi wengine wakakamatwa kwa tuhuma za ubakaji uliotokea katika jengo hilo hilo. Mwaka 1991, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilipiga kura kuyafuta mabweni ya wanamichezo peke yao ifikapo 1996. Kanuni ikawa kwamba wanamichezo wasizidi asilimia 49 ya wakazi wa jengo. Hoja haikuwa ubora wa kapeti. Walichogusa ni nani anakaa mlango wa pili.

Nilipofika hapo nikakumbuka kwamba sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu katika kesi hii, tena mzuri, na unamhusu mpwa wangu moja kwa moja.

Miaka ya 1970, vyuo viwili vya Marekani vilivyo mbali na miji mikubwa vilijaza wakimbiaji kutoka kwetu. Kimoja ni Washington State, kilichopo Pullman, mji mdogo katikati ya vilima vya ngano kwenye baridi kali, chini ya kocha John Chaplin. Kingine ni Chuo Kikuu cha Texas tawi la El Paso, jangwani mpakani na Mexico, chini ya kocha Ted Banks. Pullman walikwenda Wakenya kama John Ngeno, Joshua Kimeto, Samson Kimobwa na Henry Rono. El Paso walikwenda Wakenya, na Watanzania wetu Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga.

Enzi hizo hapakuwa na video ya chumba. Kulikuwa na barua, na jina la chuo lilipita mdomo kwa mdomo, mkimbiaji aliyetangulia akimwambia aliye nyumbani. Kama mizani ni mandhari na anasa, Pullman na El Paso zisingempata mtu. Lakini angalia walichofanya. Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Mwaka uliofuata Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. El Paso ilibeba ubingwa wa taifa wa mbio za nyika za vyuo mara sita kati ya 1975 na 1981. Nyambui alishinda mbio hizo mwaka 1980, mwaka ule ule aliotuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow.

Nilitaka kuishia hapo na kumpigia dada yangu simu: unaona? Walikwenda bila kujua watalala wapi, wakavunja rekodi za dunia. Kwa bahati nzuri niliendelea kusoma. Rono aliandika kitabu cha maisha yake, Olympic Dream, na hakuficha jinsi pombe ilivyomwandama hadi miguu na fedha vikapotea. Hakuwahi hata kukimbia Olimpiki, kwa kuwa Kenya ilisusia ya 1976 na ya 1980. Sisemi kwamba chumba kingemwokoa, yaani maisha ya mtu hayana sababu moja. Ninachosema ni kwamba kitu kilichowavuta vijana wale Pullman hakikuwa ukuta wala kitanda. Walivutwa na shahada, na mashindano, na zaidi ya yote na habari kwamba mwenzao yuko kule, anaongea lugha yao, anajua duka linalouza unga. Na rekodi, hata zikiwa nne, hazikueleza mtu anaishije baada ya saa ya mazoezi.

Basi tuje kwenye kesi iliyonigusa mimi kama msomaji wa vitabu, maana ndani yake kuna mwandishi.

Chuo Kikuu cha Kentucky ni ufalme wa mpira wa kikapu. Mwaka 2009 kundi la matajiri, likiongozwa na mkuu wa kampuni ya makaa ya mawe, Joe Craft, liliahidi dola milioni 7 kujenga bweni jipya la timu ya wanaume, kuchukua nafasi ya lile la zamani lililoitwa Wildcat Lodge. Sharti lilikuwa moja: neno "makaa ya mawe" liwemo kwenye jina. Oktoba mwaka huo bodi ya chuo ikakubali. Jengo likaitwa Wildcat Coal Lodge.

Wendell Berry, mshairi, mwandishi wa riwaya na insha, mkulima wa Kentucky, alisoma pale na kufundisha pale. Sehemu kubwa ya maisha yake aliandika dhidi ya uchimbaji wa makaa unaokata vilele vya milima ya jimbo lake na kumwaga kifusi kwenye mabonde na mito. Nyaraka zake, miswada na barua za miaka mingi, zilikuwa zimehifadhiwa katika chuo hicho. Baada ya uamuzi ule akaviarifu viongozi kwamba anaziondoa. Baadaye zikahamia kwenye jumuiya ya historia ya jimbo, mjini Frankfort. Chuo kilipata vyumba vipya kwa vijana wachache wanaokaa mwaka mmoja au miwili, kikapoteza karatasi za mwandishi ambaye kingeweza kujivunia kwa karne nzima.

Unaweza kusema Berry alikuza jambo, bweni ni bweni. Lakini yeye aliliona jengo kama maandishi. Jina la mfadhili mlangoni linamwambia kila anayeingia chuo kinasimama na nani. Kijana wa milimani ambaye kisima cha kwao kimeharibika atapita mbele ya jengo hilo kila siku akienda darasani. Naye ni mwanafunzi. Yeye aliambiwa nini?

Na je, chumba kipya kilisajili wachezaji? Angalia mfuatano. Aprili 2012 Kentucky ilichukua ubingwa wa taifa kwa timu iliyokuwa ikilala katika bweni la zamani. Mwaka ule wachezaji wake sita walichaguliwa na timu za NBA, wawili wa kwanza kabisa wakiwa wao, Anthony Davis na Michael Kidd-Gilchrist. Vuli hiyo jengo jipya likafunguliwa. Msimu wa kwanza wa Coal Lodge, Kentucky haikuingia hata kwenye mashindano makubwa. Ilipelekwa mashindano ya daraja la pili na kutolewa raundi ya kwanza na chuo kidogo cha Robert Morris, 59 kwa 57. Kwa haki niseme kwamba mchezaji wao mkubwa aliumia goti, na miaka miwili baadaye walishinda mechi 38 mfululizo. Vitanda havikuwaangusha, na vitanda havikuwainua. Kijana mwenye kipaji aliitazama NBA, akauliza nani amewapeleka wengi huko, akaenda kwake.

Sasa kwa nini vyuo viliendelea kujenga? Mwaka 2013 Oklahoma ikafungua Headington Hall, bweni la takriban dola milioni 75. Kansas ikafuata na la kwake mwaka 2015. Wenye vyuo si wajinga. Jibu liko kwenye kanuni. Mpaka mwaka 2021 mchezaji wa chuo Marekani hakuruhusiwa kupata fedha kwa jina lake, wakati michezo yenyewe inaingiza mamilioni. Fedha ikikatazwa kuingia mfukoni mwa mchezaji, inatafuta pengine pa kwenda. Ilikwenda kwenye mishahara ya makocha, kwenye viwanja, kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, na kwenye vitanda virefu kwa vijana warefu. Bweni lilikuwa ujira uliokatazwa kuitwa ujira. Tangu Julai 2025 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Nadhani sasa tutaona kijana akipewa nafasi ya kuchagua kati ya fedha na kapeti atachagua nini.

Kwa wanafunzi wa kawaida habari ni tofauti kidogo. Wanauchumi watatu, Brian Jacob, Brian McCall na Kevin Stange, walichapisha utafiti mwaka 2013 wakionyesha kwamba wanafunzi wengi wa Marekani huvutwa kweli na fedha ambazo chuo kinatumia kwenye huduma na starehe, na wa familia tajiri huvutwa zaidi. Wanaovutwa na ubora wa masomo ni hasa wale wenye alama za juu. Kwa hiyo ndiyo, chumba kizuri kinaleta wateja. Lakini swali langu la pili, kinampa nini, nililikuta limejibiwa na mwingine. Mwaka 2001 Bruce Sacerdote alichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo cha Dartmouth, waliopangiwa vyumba kwa bahati nasibu. Akakuta kwamba mtu anayelala kitanda cha pili anagusa alama zako na hata vikundi utakavyojiunga navyo. Rangi ya ukuta haikuwa na habari. Mtu ndiye alikuwa na habari.

Nilipomaliza kusoma nikagundua hadithi yangu ya kubebwa nilikuwa nimeisimulia vibaya miaka yote hiyo. Nilikuwa naisimulia kama sifa ya shida: tulilala mzungu wa nne, tukawa watu. Sikuwa nimeuliza kwa nini shida ile haikuniua kimasomo. Aliyenibeba alikuwa mwaka wa tatu, kozi moja na mimi. Alinipa madesa yake, alinionyesha vimbweta vyenye taa ya kudumu hadi usiku, bumu likichelewa tulikula sahani moja. Na kitanda chenyewe, pamoja na ubaya wake wote, kilikuwa ndani ya uzio wa chuo, dakika tano kutoka maktaba. Nilikuwa na usiku. Dada yangu chumba chake cha geto kilikuwa kikubwa kuliko chetu, na alikilala peke yake. Kitu alichokosa ni usiku wa kusomea, na mtu.

Ndiyo maana siwezi tena kuwacheka wanaogombania hosteli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipopata hosteli mpya mwaka 2017, majengo 20 kwa wanafunzi 3,840, ubishi mwingi mitaani na mitandaoni ulikuwa juu ya gharama na kuta. Haya ni maswali halali. Lakini kwa binti aliyekuwa anatembea gizani kutoka kituo cha daladala, hesabu ilikuwa nyingine kabisa, na ni hesabu ambayo wanaume kama mimi hatukuwa tunaipiga.

Nilimpigia dada yangu. Nilimwomba radhi kwanza kwa lile la masomo kumshinda. Alinyamaza muda, akasema, "Haya, tuongee ya mtoto." Tukakubaliana mpwa wangu awaandikie makocha wote wawili. Swali langu lilikuwa moja: nani atalala kitanda cha pili? Dada yangu alikuwa na yake mawili: kutoka maktaba hadi bwenini ni dakika ngapi kwa miguu, na njia ina taa?

Kocha wa chumba chenye kapeti alijibu siku hiyo hiyo, kwa heshima, na picha nyingine kumi. Kila mtu ana chumba chake, alisema, na bweni lina basi lake, liko kilomita chache nje ya chuo. Kocha wa vitanda vya chuma alikawia siku tatu. Halafu akampa simu kijana wa mwaka wa tatu kutoka Eldoret, akampigia mpwa wangu mwenyewe, wakaongea kwa Kiswahili karibu saa nzima. Alimwambia baridi ni kali kuliko anavyofikiria, maji ya moto yanachelewa asubuhi, jiko la pamoja liko mwisho wa korido, na wa jirani ni wacheza fidla wanaopiga mazoezi hadi saa nne usiku. Kutoka maktaba ni dakika nne. Taa zipo.

Aliondoka Agosti. Wiki ya kwanza akatutumia picha ya chumba kwenye kundi la familia: vitanda viwili, vitabu, sufuria ya mwenzake juu ya dirisha, kabati bado liko wazi. Nilikuwa nimekaa na dada yangu ilipoingia. Aliivuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa, akapita sufuria, akapita vitabu, akaenda moja kwa moja kwenye mlango kuangalia kama kitasa kina kufuli.